Mayai ya Mama Serwaa na Seva ya Kwabena

Naweka dau simu yangu, ile nzuri ya mfukoni, siyo ile ya kibandani yenye kioo kilichopasuka: nikimaliza kusimulia haya, hakuna hata mmoja wenu atakayeniamini. Mtasema huyu fundi simu wa Adum, hapa Kumasi, kazoea kudanganya wateja, sasa kahamia kwa wasomaji. Sawa tu. Shule niliiacha mapema, na shule yenyewe haikunililia, lakini macho ninayo mawili na siku ile yote yalikuwepo.

Basi sikilizeni habari ya Kwabena Fokuo.

Kwabena alikuwa anafanya kazi ghorofani, juu ya kibanda changu, kwenye kampuni ndogo yenye meza chache na kiyoyozi kinachokohoa. Kampuni hiyo ilikuwa na seva yake ya mikutano ya video. Hupakui kitu. Unatumiwa linki, unaibonyeza, brauza inafunguka, na wewe huyo, sura yako iko kikaoni. Makanisa yalikuwa yanaitumia, vyama vya wakulima wa kakao pia, lakini zaidi ya wote ni familia zenye misiba, maana mtu akifa Kumasi nusu ya waombolezaji wako Hamburg na Toronto.

Kazi ya Kwabena ilikuwa kuijaribu hiyo seva mpaka ilie. Ndiyo, ni kazi, analipwa. Kabla ya mkutano mkubwa alikuwa anatengeneza watu wa uongo, maroboti, wanaingia kikaoni mmoja mmoja kama watu wa kweli, na yeye amekaa anatazama seva inahemea wapi, picha inaganda wapi, sauti inaanza kukwaruza wapi. Sasa roboti halina sura, ikabidi alipatie video ya kuonyesha. Akajirekodi mwenyewe anakula kenke, lile donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga. Siku ya majaribio ukipanda juu unakuta kioo kizima kimejaa Kwabena, safu kwa safu za Kwabena, wote wanatafuna. Nilimwambia ingekuwa ule mwaka wa njaa angepigwa mawe.

Na kazi ile ilimfaa, kwa sababu Kwabena alikuwa mwoga. Simsingizii. Ni mtu wa kubisha hodi chumbani kwake mwenyewe. Akiona ngazi anawaza atakavyoanguka, akiona mashine anawaza itakavyokufa, na mwajiri wake, Madamu Adobea, alisema mtu wa namna hiyo ndiye unayemtaka karibu na seva.

Ila kulikuwa na hofu moja ya zamani kuliko zote. Alipokuwa mtoto kule Bantama, jirani yao mmoja, fundi paa, alituhumiwa kula mabati ya mjane. Akakana mbele ya watu. Mjane hakubishana naye, alichukua mayai na chupa ya pombe kali akaenda kwenye mto wa Antoa, ule watu wanaoapizia waongo, akamtaja yule fundi kwa jina lake lote. Haukupita muda tumbo la fundi likaanza kuvimba. Kwabena ndiye aliyekuwa anatumwa kumpelekea maji ya kunywa, na akaliona tumbo lile, limekaza kama ngoma, ngozi inang'aa. Hospitali walisema ni ini. Watu wa Bantama walisema ni mto. Kwabena hakutaka kujua ni kipi, alichotaka ni tumbo lake libaki lilivyo.

Sasa akafa mkuu wa ukoo wao. Mazishi yakafanyika, watu wakavaa nyekundu na nyeusi, wakalia, wakacheza, wakala. Likabaki moja: nani akalie kiti cha marehemu. Ukoo wao una nyumba mbili, ya juu na ya chini, wajukuu wa dada wawili ambao nasikia waligombania chungu cha supu enzi za wakoloni na mpaka leo hakuna aliyeomba radhi. Nyumba ya juu walimtaka mwalimu mmoja anaitwa Yaw Dankwa. Nyumba ya chini walimtaka mtu wao, Akwasi Nsiah, dereva wa treni huko Ujerumani. Kwabena ni wa nyumba ya juu.

Neno la mwisho lilikuwa la Nana Amoakoa, bibi mkuu wa ukoo, mwanamke ambaye hata redio ikimwona inajipunguza sauti. Naye akatoa amri. Mwaka juzi, kwenye kikao cha ukoo, walioko nje walilalamika kwamba wa Kumasi wanakaa uani na kunong'ona huku wao wanachungulia kwenye simu ya mtu. Safari hii hakuna kukaa uani. Kila mtu ataingia kwa linki, hata anayeishi ukuta kwa ukuta na Nana. Atakayebaki pale Bantama ni yeye Nana, msemaji wake Opanin Nketia, na huyo mjukuu wa kompyuta, Kwabena.

Mjukuu wa kompyuta alipopata habari, akashuka kibandani kwangu kuomba maji. Hajamaliza kunywa, simu ikaita. Namba ya Ujerumani. Mama Serwaa Nyarko wa nyumba ya chini, mdomo wa nyumba ya chini, na kama ukoo ungekuwa na jeshi, mwanajeshi wa nyumba ya chini. Kwabena akaiweka simu mezani kwenye spika, ndiyo maana nilisikia.

"Kwabena, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Vizuri, nataka unisikie ukiwa umeshiba. Mwaka juzi kila nikifungua mdomo nakatika. Wa nyumba ya juu hawakatiki. Mtandao gani huo unaojua nyumba ya mtu?"

Kwabena akajaribu kueleza kwamba ule ulikuwa mtandao mwingine, hauhusiani na kampuni yao.

"Sikuulizi ya mwaka juzi. Nakuambia ya Jumamosi. Nikikatika nikiwa nasema, dada yangu wa Asokore Mampong ameshanunua mayai. Kutoka kwake mpaka Antoa hata mafuta ya gari hayaishi. Haya, wasalimie kazini."

Akakata. Kwabena akabaki anaitazama simu kama imemng'ata. Mimi, kumchangamsha, nikamwambia mto wa Antoa siku hizi una foleni, atasubiri miaka. Hakucheka. Akaniuliza kama seva ikianguka yenyewe, bila mtu kuiangusha, mto unajua tofauti. Nikamwambia hilo amuulize Madamu Adobea, yeye ndiye mwenye seva.

Kuanzia hapo mji ukamgeukia. Ninyi mnaijua Kumasi, huwezi kutembea hatua mbili bila mtu kukupitishia beseni la mayai ya kuchemsha na pilipili. Kwabena akawa anavuka barabara kuwakimbia wauzaji. Mama wa waakye alimwekea yai juu ya wali wake wa kunde kwa mapenzi tu, mteja wa siku nyingi. Kwabena akaacha sahani pale pale. Yai nikala mimi. Hasara haifai.

Jaribio la kwanza nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chaja. Maroboti yakaanza kuingia. Kwabena alikuwa na mstari mmoja kwenye kioo cha pembeni, mstari wa kijani unaoonyesha seva inabeba mzigo kiasi gani, na alikuwa anautazama jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma karatasi. Mstari ukapanda, ukawa wa njano. Wale Kwabena wa kwenye video wakaanza kutafuna polepole. Mmoja akaganda samaki yuko nusu mdomoni. Wa pili akaganda. Kisha safu nzima zikazima, yamebaki masanduku meusi, na hawajafika hata mia tatu ambao ndio idadi ya ukoo wenyewe.

Kwabena akashika tumbo. Nakuambia kweli, alilishika kwa mikono yote miwili.

Akaenda kumwomba Madamu Adobea wakodi mashine kubwa zaidi kwa ajili ya Jumamosi. Madamu ni mtu wa kubana, lakini mama yake naye anatoka upande wa Antoa, hakuuliza maswali mengi. Mashine ikaja, Kwabena akarudia. Roboti la mia tatu likaingia, mstari bado kijani. Mia nne, kijani. Mia tano wakakaa kimya, wametulia, wanamsikiliza msemaji mmoja na kamera chache za wazee, kama mkutano wa ofisi kabisa. Hakuna aliyeganda. Kwabena akarudia tena asubuhi yake, na mchana, na jibu likawa lile lile. Ndipo akala. Siyo yai, lakini alikula.

Jumamosi asubuhi tukawa Bantama. Mimi nilikuwepo kwa sababu projekta ni yangu na simwazimi mtu projekta bila mimi mwenyewe. Nana Amoakoa kwenye kiti chake, nguo nyeusi, miguu juu ya kigoda. Opanin Nketia pembeni yake na fimbo ya usemaji. Kwabena kwenye kona na kompyuta yake, mstari wa kijani umelala chini kabisa. Ukutani, sanduku moja moja, watu wakaanza kuingia.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu.

Unajua mwenyewe, kwetu mtu akiingia kwenye kikao cha msiba hakai tu. Anaanza kulia, anasalimia mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari, ndipo akae. Akishakaa, waliokuwa wamekaa wananyanyuka nao wanakuja kumsalimia yeye. Akija mwingine mnaanza upya. Na humsalimii mzee umejificha uso. Basi mjomba wa Obuasi akaingia, akafungua kamera, akafungua maiki, akaanza: Nana, nakusalimu. Opanin, nakusalimu. Mama Yaa, nakusalimu. Mama Yaa naye akafungua kamera amjibu. Wa pembeni ya Mama Yaa akafungua asionekane hana malezi. Akaingia binamu wa Toronto na watoto wake, kila mtoto na simu yake. Wakasalimiwa, wakajibu, na hakuna aliyefunga kamera, maana nyuma yao kuna wengine wanaingia na watahitaji kujibiwa.

Kamera moja ikifunguliwa, seva inaichukua sura ile na kumgawia kila aliyemo. Watu mia mbili wakitazama mtu mmoja, hiyo ni kazi. Watu mia mbili wakitazamana wote kwa wote, hiyo ni adhabu ya jela. Mstari wa Kwabena ukanyanyuka. Nilimwona shingo yake inaloa, tone linashuka nyuma ya sikio.

Akajikokota mpaka kwa Opanin Nketia, akainama, akamnong'oneza awaombe watu wafunge kamera.

Mzee akamgeukia taratibu. "Nimwambie mtu amsalimie Nana akiwa amejifunika uso? Kijana, mimi nazeeka, sijafa."

Kwabena akarudi kwenye kona. Mstari ukawa wa njano. Ukawa wa rangi ya chungwa. Sauti zikaanza kukwaruza, salamu ya mtu wa London ikasikika mara mbili kama yuko kisimani. Kwabena akaanza kutaja jina la Mungu kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza, nadhani aliogopa mto usije kumsikia anakimbilia kwingine.

Ndipo Mama Serwaa akaingia. Nguo nyekundu, kilemba cheusi, nyuma yake pazia zito na picha ya marehemu. Hakukosea hata salamu moja. Alizunguka ukoo mzima kwa majina, na kila aliyetajwa akafungua kamera kujibu. Mstari ukagusa wekundu. Akamaliza, akakohoa, akamwelekea Nana.

"Nana, sisi wa nyumba ya chini tunasema…"

Akaganda. Mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Pembeni yake Yaw Dankwa wa nyumba ya juu hakuganda hata kidogo, sura inang'aa, tena anacheka kitu alichoambiwa na mkewe. Ukutani palikuwa na mtu aliyekatwa ulimi na mtu anayecheka, bega kwa bega. Kisha sanduku la Mama Serwaa likazima.

Sauti ya mtu, sijui nani, ikasema, "Si tulisema. Imeanza."

Nilimwangalia Kwabena. Midomo imekuwa ya kijivu. Seva ilikuwa imeanza kuangusha watu, na ingeendelea kuwaangusha mmoja mmoja inavyopenda yenyewe, leo wa chini, kesho wa juu, na nani angeamini kwamba inapenda yenyewe? Alikuwa na kitufe kimoja tu, kile cha mwenye kikao. Kuzima wote. Na kukibonyeza maana yake ni kwamba mkono uliokata ni wake, wa nyama, wa nyumba ya juu, hakuna tena kusingizia mashine.

Nilimwona anafumba macho. Akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe, amebaki Nana Amoakoa peke yake, mkubwa, anajitazama mwenyewe.

"Watu wangu wako wapi?" Nana akauliza.

"Nimewatoa, Nana."

"Wa nyumba gani?"

"Zote mbili, Nana. Mpaka wa mwisho."

Nje kuku alikuwa anaparua bati, ikasikika kila kucha. Kwabena akapiga magoti pale pale kwenye nyaya zangu na kueleza. Alieleza vibaya, anarukaruka, mara kamera, mara mashine ya kukodi, mara Mama Serwaa, lakini Nana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama hao aliowatumia kujaribu chombo chake walikuwa wanasalimiana.

"Hapana, Nana. Wanaingia wanakaa."

"Watu gani hao?"

"Maroboti, Nana."

"Hawana kwao," Nana akasema. Akamgeukia Nketia, na mambo yakapangwa kwa maneno machache: kila nyumba itoe mtu mmoja wa kusalimia, salamu zipokelewe na fimbo ya msemaji kwa niaba ya ukoo wote, na anayesema ndiye afungue uso. Nketia hakuona ubaya. Mbele ya mfalme watu hufanya hivyo kila siku, hakuna anayesema amedharauliwa.

Kilichobaki ni kuwarudisha. Kwabena akatuma linki upya, na kabla hajaweka simu chini ikaita. Ujerumani. Akanitazama mimi kana kwamba naweza kuipokea kwa niaba yake. Nikaangalia projekta.

"Nani amenikata?" Mama Serwaa hakuuliza kama amekula.

"Wewe seva ilikuangusha, mama. Ilizidiwa. Halafu mimi nikakata wote."

"Wote nani?"

"Wote. Wa juu na wa chini."

"Na Yaw?"

"Yaw alikuwa katikati ya kucheka."

Tulisikia treni inapita huko kwao. "Naingia," akasema. "Nitaanza tangu mwanzo."

Na kweli alianza tangu mwanzo. Alisema, bwana, alisema mpaka Nana akabadilisha mguu kwenye kigoda mara kadhaa. Mstari ulilala kijani. Hakukwaruza, hakuganda, kila neno lilifika na mate yake. Alipomaliza akasema Yaw, wakasema wengine, kisha Nana akainama kwa msemaji, na Nketia akatangaza.

Yaw Dankwa. Nyumba ya juu.

Sanduku la Mama Serwaa likafungwa bila kwaheri. Siyo seva. Alilifunga mwenyewe.

Siku zilizofuata Kwabena hakuwa mtu. Alikuwa anashuka kibandani, anainua shati, ananiuliza kama tumbo limeongezeka. Nikamwambia limepungua, halili kitu litaongezekaje? Mimi kwa upande wangu niliwatangazia watu wa Adum wote, kuanzia muuza chaja mpaka mama wa waakye, kwamba mayai ya Asokore Mampong yameshafika mtoni. Niliapa kabisa. Nilisema mwanamke aliyeshindwa na kukatwa siku moja haachi mayai yaoze.

Mchana mmoja gari ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka mwanamke mnene, pua ile ile ya Mama Serwaa, kabeba trei la mayai, na nyuma yake dereva kashika sufuria limefungwa kitambaa. Akauliza Kwabena Fokuo anafanya kazi wapi. Mimi ni mtu shupavu, kila mtu anajua, lakini nilionyesha juu kwa kidole tu. Kisha nikapanda nyuma yao.

Kwabena alipoliona lile trei mlangoni alisimama, akakaa, akasimama tena mgongo kwenye ukuta. Madamu Adobea akatoka ofisini kwake, akaona mayai, akarudi ofisini kwake.

"Wewe ndiye Kwabena," yule mama akasema.

"Ndimi," akasema, kama anajitaja mwenyewe mtoni.

Yule mama akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na viazi vikuu vilivyopondwa na mawese, vya rangi ya jua la jioni, na mayai ya kuchemsha yamepangwa juu. Chakula anachopewa mtu aliyetoka kwenye hatari, ili roho yake ishibe irudi mahali pake.

"Serwaa kasema nikulishe. Anasema roho yako imetoka mbali siku ile." Akaweka trei la mabichi mezani, kando ya kibodi. "Hajafurahi. Akwasi ndiye aliyefaa. Lakini Serwaa alisema mpaka mwisho, na ukoo wote ukamsikia, haijawahi kutokea. Haya, kaa."

Kwabena akakaa. Akanitazama mimi, akasukuma sufuria upande wangu. Alitaka nionje kwanza. Yule mama akaona, akavuta pumzi. Nikala. Nikala na yai la pili, ili kuwa na uhakika. Ndipo Kwabena akachukua yai kwa vidole vyote vitano, akala huku machozi yanashuka na hafuti.

Siku hizi maroboti yake yanasalimiana. Yanafungua kamera yote, yanaanza kulia, safu kwa safu za Kwabena zinaulizana hali mdomo umejaa kenke, na seva inahema kweli kweli.

Niliapa mbele ya Adum nzima kwamba mayai yale yalikwenda Antoa. Nilikosea.